Jibu: Ufumaji wa bibi kuwa biashara
Ndugu, umeuliza kama ufumaji wa krosheti (wa sindano moja yenye ndoano) uliojifunza utotoni kwa bibi zako wawili unaweza kuwa biashara ndogo au ubaki kumbukumbu tu. Kwa maoni yangu unaweza, kwa sababu mtoto anayejifunza akiwa ameketi kando ya mfumaji, akimtazama vidole, hupata jambo ambalo vielelezo vya maandishi hushindwa kulieleza, yaani kiasi cha kuvuta uzi ili kazi isikaze wala isilegee. Mteja huutambua usawa huo hata asipojua unatokana na nini. Tena krosheti, tofauti na ufumaji wa sindano mbili, hadi leo hufanywa kwa mkono, kwa hiyo hutashindana moja kwa moja na mashine.

Kitakachokusumbua ni bei, maana bibi hakuhesabu saa zake (nani angemlipa?), ilhali wewe huna budi kuzihesabu pamoja na gharama ya uzi. Nunua nyuzi zote za kazi moja kwa pamoja, zenye namba ileile ya mkupuo wa utiaji rangi, kwani rangi ileile ikitoka mkupuo mwingine huweza kutofautiana, na tofauti hiyo huonekana kazi ikishakamilika.