Mwaka wa maonyesho Lamu: maneno kwa anayeanza kazi

Ukiajiriwa katika nyumba ya makumbusho au jumba la sanaa hapa Lamu, karatasi ya kwanza utakayokabidhiwa huenda ikawa kalenda ya mwaka uliopita, na utaambiwa ubadilishe tarehe tu. Usiharakishe. Aghalabu kalenda ya namna hiyo imetungwa kwa kuwatazama wageni wanaoshuka uwanja wa ndege wa Manda: maonyesho makubwa Desemba hadi Machi, mengine Agosti, na katikati pameandikwa "matengenezo". Mimi nimeshafanya kazi hii muda wa kutosha kukuambia kwamba hiyo miezi ya katikati ndiyo miezi ambayo mji wenyewe una nafasi ya kuja.

Upepo wa kusi ukishika, kuanzia Mei hadi Agosti, bahari ya nje huchafuka. Wavuvi wengi hubaki ndani ya mikondo, wengine hawatoki kabisa siku mbili tatu. Ukipita Usita wa Pwani utawaona wanashona nyavu, wanakalafati mashua, wanacheza bao. Hoteli za Shela zimepunguza wafanyakazi, na vijana waliokuwa wakitembeza wageni wako nyumbani. Ofisini watakwambia ni msimu mbaya. Kwa mtu anayetaka kufanya maonyesho ya vyombo vya bahari, akae na manahodha wamtajie majina ya kila ubao wa jahazi, hapana msimu mzuri kuliko huo. Jaribu kumwalika nahodha Januari, upepo wa kaskazi unavuma na abiria wanamngoja, uone atakujibu nini.

Sasa hesabu ya miezi. Lamu haiendi kwa kalenda moja. Iko ya ofisi, ambayo inakaa palepale, na iko ya mwezi mwandamo, ambayo kila mwaka hurudi nyuma takriban siku 11. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na ya 2026 ikaingia Februari. Maana yake shughuli uliyoifanya mwishoni mwa Februari mwaka mmoja watu wakajaa, ukiirudia mwaka unaofuata waweza kuikuta saumu, na baada ya alasiri hakuna atakayekuja, kila nyumba iko jikoni. Kwa hiyo kabla ya kuandika lolote, chukua kalenda tupu utie kwanza Ramadhani, Idi mbili, na Mfungo Sita, yaani mwezi wa Maulidi. Kisha omba kalenda ya shule. Halafu ndipo utie mambo yako, katika nafasi zilizobaki. Na hata hapo acha siku mbili za kuyumba, kwa kuwa mwezi huandama ukionekana, hautazami barua zako za mwaliko.

Mfungo Sita unataka maneno zaidi. Maulidi ya Lamu, yanayozunguka msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, huleta watu kutoka pwani nzima, Tanzania, Komoro na kwingineko. Nyumba hujaa, vyumba vya wageni hujaa, na juma la mwisho wa mwezi kuna zefe njiani na mashindano mjini. Wafanyakazi wapya hufurahi: watu wote hawa, tufungue maonyesho mapya! Hapana. Watu wale wamekuja kwa jambo lao. Utakachoweza kufanya ni kufungua milango mapema, kuweka maji ya kunywa na mabenchi, na kuwa na chumba kimoja kilichopangwa vizuri ambacho mtu aliyetoka Moroni au Tanga anaweza kukimaliza kwa dakika ishirini kabla ya sala. Uzinduzi, hotuba na keki viache. Na ukitaka kuonyesha picha za Maulidi ya miaka ya nyuma, nenda kwanza kwa masharifu na walimu, uwaonyeshe picha moja moja. Watakutajia majina ya waliomo, na watakuondolea mbili tatu ambazo wewe hungejua kwamba hazifai.

Baada ya Idi ya Mfungo Mosi, ile ya kumaliza saumu, huja harusi. Wikiendi zote huliwa. Sina dawa yake. Weka warsha zako katikati ya wiki.

Tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani, nayo hutangazwa tangu 1977. Mwaka baada ya mwaka huja barua ya kutuhimiza kufanya jambo la nje, uwanjani, na ngoma. Walioandika barua hawajui kwamba Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa. Siku hiyo fanya mambo ya ndani. Shule ziko wazi, watoto wanaweza kuletwa kwa makundi, na mvua ikinyesha ndio wanakaa zaidi. Usipokee zaidi ya darasa moja kwa wakati mmoja katika nyumba ya zamani. Vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, kwa sababu upana wake umefuata urefu wa boriti la mkoko, na watoto arobaini wakiingia humo hakuna anayeona kitu isipokuwa kisogo cha mwenzake.

Nyumba yenyewe ndiyo itakayokufunza kazi. Kuta ni za matumbawe na chokaa. Usipigilie msumari. Kwanza hautashika, chokaa itamwagika. Pili mji mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na ukuta haukuwa wako wa kutoboa. Picha huning'inizwa kwa waya kutoka kwenye boriti au kwenye ubao uliopitishwa juu, au husimamishwa kwenye mbao za kujitegemea. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya picha na ukuta ili hewa ipite, la sivyo unyevu utakwama nyuma ya turubai na ukungu utafuata. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zinavutia kuwekwa vitu, na ndiyo kazi yake, lakini usiweke karatasi wala kitambaa humo katika msimu wa kusi. Ukuta unatoa maji.

Vitabu vya kazi yetu vitakwambia unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 40 na 60. Hapa kipimo hupita 70 na hubaki huko. Utashawishika kufunga kiyoyozi. Fikiri kwanza: umeme ukikatika usiku, chumba kitarudi kwenye unyevu wake kwa saa chache, na kitu kinachonyauka na kuvimba kila siku huharibika upesi kuliko kilichokaa katika unyevu uleule mwaka mzima. Mlango wa kuchonga uliokaa mtaa wa Mkomani miaka mia moja na hamsini umeshazoea hewa ya Mkomani. Ukiutia kwenye chumba kikavu utapasuka. Feni, madirisha yanayofunguliwa kwa saa zake na kipimo cha unyevu kinachosomwa asubuhi na jioni vinatosha kwa mbao nyingi. Chuma kinataka kupakwa nta. Nguo, kanga za zamani, shiraa (kitambaa kama hema walichojifunika wanawake njiani), kofia za kushonwa kwa mkono na miswada zionyeshwe msimu wa kaskazi, kwa mwanga mdogo, usiozidi luksi 50, na baada ya miezi mitatu zipumzishwe. Ukikuta wadudu kwenye kitambaa, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ukitie kwenye friza la nyuzi 20 chini ya sufuri kwa wiki nzima, kisha ukiache kipate joto la chumba kabla ya kufungua mfuko. Usipulize dawa ya mbu. Nimeona ikifanywa.

Mizigo. Kazi za sanaa kutoka Mombasa au Nairobi huja kwa lori hadi Mokowe, huvuka kwa boti, kisha hamali na mkokoteni, au punda. Kwa hiyo swali la kwanza kwa msanii wa bara ni sanduku lina upana gani, na hutajibiwa sawasawa mpaka umwambie apime. Pima na wewe: kona ya kichochoro, daka la mlangoni, ngazi. Kuna vichochoro ambavyo punda aliyebeba hawezi kupishana na mtu mnene. Halafu angalia maji. Siku za bamvua maji hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, saa ileile ambayo ofisi hupenda kupokea mzigo, na kuteremsha kabati la vioo kwenye ngazi zenye utelezi si mchezo. Uliza nahodha maji yanajaa saa ngapi, umpangie dereva wa lori kwa hesabu hiyo. Dereva atanung'unika.

Ngome ina habari yake. Ilianza kujengwa karibu 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Mtu wa Lamu aliyevuka miaka hamsini anaikumbuka kwa jina hilo, na wako ambao jamaa zao walifungwa humo. Ukiandaa jambo la jamii ndani ya Ngome na wazee wakabaki nje Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, chini ya kivuli, usidhani hawajali sanaa. Peleka nusu ya shughuli nje kwao: meza ya picha, bao, kahawa. Wataingia wakipenda. Wengine hawataingia, na mazungumzo bora zaidi niliyowahi kuyarekodi yalikuwa ya hao.

Siku ya akina mama ifanye kweli, isiwe jina. Iwe baada ya alasiri, kwa kuwa asubuhi nyumba zina kazi. Mlangoni akae mwanamke, na ndani wawepo wafanyakazi wanawake tu. Wewe kijana wa kiume kaa ofisini uandike ripoti. Simu ziwekwe kikapuni, zote, hata ya mke wa mkubwa. Ukishindwa hili mara moja, picha ya binti wa mtu ikaonekana, mwaka ujao hatakuja yeyote na watakuwa na haki. Ukiliweza, utashangaa: Bi mmoja atasimama mbele ya kitanda cha zamani na kueleza bibi arusi alivyopambwa juu yake, ni nani aliyekaa wapi, na hina ilichorwaje kabla haijaletwa ya mirija. Hakuna lebo iliyoandikwa Nairobi inayojua hayo. Mwombe ruhusa uandike, na jina lake litajwe au lisitajwe kwa utashi wake.

Lebo zenyewe ziwe fupi, Kiswahili kiwe juu, herufi kubwa za kusomeka na mtu aliyesahau miwani. Maneno hamsini yanatosha. Usieleze kwa mtu wa Lamu siwa, ile baragumu ya heshima, ni nini. Mweleze jambo asilolijua, kwamba ya Lamu ni ya shaba na ya Pate ni ya pembe, na jinsi vipande vyake vilivyounganishwa. Anayetoka mbali atapata maelezo mengine kwa karatasi ya mkononi.

Kuhusu matangazo sina mengi. Bango bandika kwenye Usita wa Mui, sauti ipite kwa redio, na mwambie muuza kahawa. Muuza kahawa anazidi vyote.

Wasanii wa hapa, mafundi wa milango, washona kofia, mafundi wa fedha, wameshachoka na ahadi. Andika mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili: nani analipa usafiri, kitu kikivunjika nani analipa, kikiuzwa jumba linachukua asilimia ngapi na msanii analipwa baada ya siku ngapi. Msome pamoja kwa sauti. Usimwite fundi "aonyeshe anavyochonga" siku nzima mbele ya wageni halafu umpe chakula cha mchana na asante. Siku ya fundi ina bei, iingize kwenye bajeti kabla ya bei ya mabango.

Ukifika Novemba, mwezi ambao tamasha la utamaduni limezoea kuangukia, mji hubeba kila kitu: mashindano ya punda, ya majahazi, ya kuogelea, mashairi, bao. Jumba lako halitashindana na hayo, na halina haja. Tamasha likija, maonyesho yako yawe yameshasimama wiki mbili, wafanyakazi wamelala usingizi, na kazi yenu iwe kupokea tu. Hesabu walioingia kwa makundi: wa Lamu, wa visiwa vingine, wa bara, wa nje. Jumla peke yake haitakusaidia kupanga mwaka unaofuata. Ukiona mtu wa Faza au Siyu, kisiwani Pate, hakutokea hata mmoja mwaka mzima, jua boti ya kurudi huondoka kabla hujafungua, ubadilishe saa.

Kisha rudisha vya watu. Vitu vya kuazima, makasha, sahani za kichina, picha za arusi za babu, huwa rahisi kuvipata na vigumu kuvirudisha, kwa sababu shughuli imekwisha na kila mtu amechoka. Virudishe kabla wageni wa Desemba hawajafika, mchana, watu wawili kwa kila kitu, pamoja na ile karatasi ya hali yake na picha ulizopiga siku ya kukichukua. Mwenyewe akifungue mbele yako, akikague sehemu zote, ndipo atie sahihi. Akisema kuna alama ambayo haikuwepo, tazameni picha pamoja hapohapo, na ukikuta ni kweli usitoke nyumbani mwake kabla ya kukubaliana fundi gani ataitengeneza na lini.