Mafuta ya mimea na makovu ya chunusi

Dada, umeuliza kama mafuta ya nazi na ya mti-chai (tea tree) yatakuondolea makovu ya chunusi mashavuni. Kwanza sogea karibu na dirisha, ujitazame kwenye kioo huku mwanga ukitokea ubavuni. Ukiona madoa meusi tu na ngozi iko sawasawa, hiyo ni rangi iliyobaki baada ya uvimbe. Hufifia yenyewe, japo huchukua miezi. Ukiona vishimo vyenye kivuli, hapo hakuna mafuta yatakayovifukia, hata muuzaji aape vipi. Hiyo ni kazi ya daktari wa ngozi.

Kwa madoa, ya nazi ningeyaacha: huziba vitundu vya ngozi, na kila chunusi mpya inaweza kuacha doa jipya. Ya jojoba, kichaka cha jangwani, ni mepesi zaidi. Matone mawili matatu usiku, uso ukiwa bado na unyevu, yatalainisha ngozi (usitegemee zaidi ya hapo). Ya mti-chai husaidia chunusi zenyewe, si makovu, na usiyapake bila kuyazimua kwa mafuta mengine, maana yanawasha. Yajaribu kwanza ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Ya limau ndiyo mabaya kabisa: ukienda juani nayo usoni, ngozi inaweza kuungua ikabaki nyeusi kuliko mwanzo.

Kama una pesa ya chupa moja tu, nunua losheni ya kukinga jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, upake kila asubuhi. Na hizo chunusi, dada, acha kuzitumbua.