Kazi ya fosi akaunti: wakusanye watu kabla hawajagombana

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia. Anasimamia ujenzi wa madarasa ya sekondari kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi bila mkandarasi; kamati imegoma kusaini, saidia fundi wametupa makoleo, mtendaji anatishia kumwondoa. "Kaka, nifanyeje?" Nimeshaongea naye kwa simu, lakini najua wengi mnaonisoma mko kwenye kazi hizihizi na mnataka kufika mbali, kwa hiyo naandika na hapa.

Nimepita huko. Mwaka 2021, fedha za UVIKO-19 zilipokuja, nchi nzima ilikuwa inajenga madarasa 15,000 kwa mkupuo, shilingi milioni 20 kwa darasa, na Januari 2022 wanafunzi walitakiwa wayakute tayari. Mafundi waligombaniwa. Mimi nilikuwa shule moja ya kata, na tulipofika kwenye lenta kazi ikasimama.

Kamati ilisema mafundi wanauza saruji. Mafundi wakasema kamati ya manunuzi inakula na mwenye lori. Wananchi waliochimba msingi na kubeba mawe kichwani walikuwa hawajaambiwa hata fedha iliyoingia ni kiasi gani.

Nilimwomba mkuu wa shule kikao kifanyike saiti, si ofisini, na waje wote: kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, mtendaji, mwenyekiti wa kijiji, na saidia fundi. Wapo waliocheka waliposikia saidia fundi wanaitwa kikaoni. Lakini ndio waliokuwa wamesimamisha kazi!

Tukiwa palepale, lori la mchanga likaingia. Nikampa futi mama mmoja wa kamati ya mapokezi. Akakanyaga tairi, akapanda, akapima bodi: urefu mita 4, upana mita 2, mchanga umefika nusu mita. Mita za ujazo 4. Karatasi ya dereva ilisema 5. Mama akaandika 4, akasaini, na zikalipwa 4. Tangu siku ile hakuna mzigo ulioshuka bila yeye, na maneno ya wizi yakakatika.

Saidia fundi nao shida yao ilikuwa moja. Fundi mkuu analipwa kwa hatua, wao wanakula kila siku. Tukakubaliana mbele ya wote kwamba hatua ikilipwa, majina yao na hela zao yanaandikwa ubaoni. Fundi mkuu alinuna, lakini alitekeleza.

Madarasa yaliisha kwa wakati. Siku ya makabidhiano walishukuriwa watu wote, hadi aliyeleta maturubai. Mimi sikutajwa. Inaniuma mpaka leo, ingawa yale madarasa nikipita nayatazama kwa fahari.

Vijana, acheni kujifungia na michoro. Kaeni na watu! Mkutano mkuu wa kijiji upo kila miezi mitatu. Ombeni nafasi kabla msingi haujachimbwa, msimame, mtaje fedha, mtaje nani anapokea mzigo na nani analipwa lini. Yeyote anayeweza kuwasimamishia kazi apewe kitu cha kupima au cha kusaini. Na kwa kuwa tangu 2023 manunuzi yamehamia NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, waelezeni mapema kwa nini duka la palepale kijijini halikupata oda, maana mwenye duka naye ana ndugu kwenye kamati.