Jibu: Sanaa za maonyesho kwenye chuo cha dini cha miaka miwili

Habari ndugu. Umeuliza kama krediti zako zitakubaliwa ukihamia chuo kikuu, na kama utajifunza ufundi wa jukwaa kweli au utaishia kwenye maigizo ya Krismasi.

Nilipita njia hiyo. Kabla ya kulipa ada, angalia ithibati ya chuo, kisha andikia kule unakotaka kuhamia uulize somo kwa somo. Wakujibu kwa maandishi. Mimi niliridhika na ahadi ya mdomo; masomo ya dini yakahesabiwa kuwa ya kuchagua tu, na la taa nikalirudia.

Kwenye ufundi, udogo wa chuo ulinifaa. Tulikuwa wachache, hivyo muhula wa kwanza tu nilishapanda ngazi kufunga taa, kila moja na waya wake wa usalama. Siku moja taa mbili zilikuwa zinawaka na kuzima pamoja kama pacha. Tulihangaika jioni nzima, kumbe nilizipa anwani moja, yaani namba ambayo taa hupokelea amri zake. Laini ya DMX512, mfumo wa kupeleka amri kwenye taa za jukwaa, ina chaneli 512, nami nikazirundika palepale!

Omba kuiona karakana, na uliza michezo waliyoonyesha karibuni na nani hupitisha miswada. Kama jukwaa ndilo madhabahu, jiandae kubomoa mandhari kila Jumamosi usiku kupisha ibada.

Michoro yako yenye vipimo na picha za mazoezi, tunza zote. Usaili wangu wa kuhamia ulihusu hizo zaidi ya alama.