4,294,967,297: mazoezi kwa anayeanza kuchambua namba kubwa

Namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1. Mfaransa Pierre de Fermat aliamini ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki.

Usianze kuigawa kwa 3, 5, 7 na kuendelea. Kipeuo chake cha pili ni 65,536 na kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542, utachoka bure. Angalia umbo la namba kwanza. Kwa umbo hili, kila kigawo tasa lazima kiwe kigawe cha 128 kilichojumlishwa 1. (Euler alikuwa na 64 tu, 128 ilikuja na Mfaransa Édouard Lucas baadaye.) Basi andika 129, 257, 385, 513, 641. Zilizo tasa humo ni 257 na 641. Ya kwanza inaacha baki 2, ya pili inaingia mara 6,700,417 kamili.

Wengi huishia hapo, wakati kazi haijaisha: je, 6,700,417 nayo ni tasa? Kipeuo chake hakifiki 2,589, na sharti la 128 bado linashika, na 257 tumeshaiondoa, kwa hiyo za kujaribu ni nne tu: 641, 769, 1153 na 1409. Mabaki ni 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Ukitaka kupima utasa bila kutafuta vigawo, unapandisha namba ndogo kwa kipeo kikubwa, unagawa kwa namba yetu na kutazama baki. Usitumie 2, maana hapa inadanganya. Kipeo cha 32 cha 2 kinaacha baki −1 (yaani kimepungukiwa 1 tu kugawanyika), cha 64 kinaacha 1, na namba yetu ukitoa 1 ni kigawe cha 64. Jibu litakuwa 1 hata namba isipokuwa tasa. Tumia 3: ipandishe kipeo cha pili mara 31, kila mara ukibakiza baki peke yake. Ingekuwa tasa, ungemaliza na 4,294,967,296. Unapata 10,324,303.

Hesabu hiyo usiifanyie Excel. Zao la katikati linaweza kufika tarakimu 20, nayo inatunza 15. Za mwisho zinageuka sifuri, na baki linategemea hizo hizo. Kwenye programu inayotunza namba kwa biti 32 ni kichekesho zaidi: namba nzima inageuka kuwa 1. Lugha ya programu ya Python haina shida hiyo, andika pow(3, 2**31, 4294967297).

Ukiwa na karatasi tu, 641 inathibitishwa hivi. Ni 5 × 128 + 1, tena ni 625 + 16. Kwa hiyo 5 × 2⁷ inaacha baki −1. Ipandishe kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ inaacha 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴ ukihesabu kwa mabaki ya 641. Badilisha: −2³² inaacha 1, yaani 2³² + 1 inaacha sifuri.