Mgonjwa wa malaria anapopimwa VVU: kwa mnaoanza kazi maabara

Swali hili mtaulizwa mapema, na mara nyingi na mteja mwenyewe: je, malaria inaweza kuharibu majibu ya VVU? Inaweza, ingawa si mara nyingi. Ikitokea, kipimo huonyesha VVU ambavyo havipo.

Vimelea vya malaria huchokoza mfumo wa kinga, nao humwaga kingamwili (protini za kupambana na maambukizi) za kila namna. Vipimo vingi vya haraka vya VVU havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta kingamwili. Baadhi ya zile zilizoamshwa na malaria hunasa kwenye kitendanishi, yaani kemikali ya kipimo inayonasa kingamwili, na mstari wa kuonyesha VVU ukatokea. Vipimo vya miaka ya 1980 vilisumbua zaidi. Vya sasa ni bora sana, lakini hakuna kisichokosea kabisa.

Pigeni hesabu hii wenyewe. Katika watu 10,000, tuseme 100 wana VVU. Kipimo kinachokosea kwa mtu 1 katika kila 100 wasio navyo kitawaonyesha watu 99 wazima kuwa wameambukizwa, karibu sawa na idadi ya walioambukizwa kweli! Ndiyo maana tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linapendekeza vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana VVU. Viwe vya aina tofauti, kwa sababu kitendanishi kilekile huweza kurudia kosa lilelile. Vikipingana, fuateni mwongozo wa taifa. Majibu yakibaki tata, mteja hupimwa tena baada ya siku 14.

Linaloniumiza zaidi ni mhudumu anayeona mstari wa kwanza kisha akamtuliza mgonjwa, “hiyo ni malaria tu.” Tafadhali msiseme hivyo kamwe. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, na neno hilo la huruma linaweza kumchelewesha kuanza dawa. Mtibuni malaria bila kusubiri, na vipimo vya VVU viendelee hadi mwisho.

Kuna upande mwingine unaosahaulika. Maambukizi mapya ya VVU huweza kuleta homa, maumivu ya mwili na kuvimba tezi, dalili ambazo wengi huzichukulia kuwa malaria, huku kingamwili zikiwa bado hazijatosha kuonekana. Kwa hiyo mwenye homa asiye na malaria, ambaye VVU havijaonekana lakini alikuwa katika hatari karibuni, asiondoke bila tarehe ya kurudi kupimwa.