Papa mkavu na mkamwana mwenye mimba

SWALI: Mie nauza ng'onda sokoni hapa Tanga. Mkamwana wangu ana mimba ya miezi mitano, na nesi kliniki kamkataza papa, eti ana zebaki. Wanangu watano nimewabeba kwa mchuzi wa papa wa nazi! Tena papa wangu namlowesha usiku kucha, namchemsha na kumwaga maji mara mbili mpaka harufu ikatike. Bado ana sumu?
Mama Ng'onda, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Nesi kasema kweli. Harufu unayoifukuza siyo zebaki. Mwili wa papa umejaa urea, ile ile ya kwenye mkojo, inayomkinga na chumvi ya bahari. Akifa inageuka amonia. Hiyo hutoka na maji. Zebaki haina harufu, imeng'ang'ania nyama yenyewe, na wala ndimu haiitoi. Jua nalo hukausha maji tu, kwa hiyo kipande kikavu kina zebaki nyingi kuliko kibichi cha uzito uleule.

Baba yangu alikuwa mtu wa jarife, ule wavu wa papa. Siku moja alileta pingusi, yule papa wa kichwa cha nyundo, mkubwa hasa, nikapewa kisu. Ufizini miiba miwili ya taa, yule samaki bapa, ilikuwa imevunjikia humo, na tumboni mabawa ya taa. Sasa hesabu: taa kala kaa na chaza, nao wamekula vya topeni. Zebaki hutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe na machimbo ya dhahabu, ikatua majini, na bakteria wa topeni wakaigeuza iwe ile inayoganda mwilini. Kila mlaji hubeba mzigo wa aliyemla, na papa huishi miaka mingi.

Tulipozidi kupasua tukakuta wana kumi na watatu, kila mmoja na kitovu chake. Baba hakusema kitu, akaenda kunawa. Pingusi mkubwa hubeba mimba miezi kama 11, na huzaa kila baada ya miaka 2 hivi. Kwa kitovu kile kile mama huwapa wanawe chakula, na zebaki pia. Mkamwana wako ni vivyo hivyo: inavuka kondo, inafika kwenye ubongo wa mtoto ambao ndiyo kwanza unajengwa.

Wanao wazima, alhamdulillahi. Ila dhara lake mara nyingi ni dogo la kujificha: mtoto kuchelewa kusema, masomo kumlemea kidogo. Nani angelipima?

Marekani nako mamlaka ya chakula na dawa huwaambia wajawazito wamwepuke papa, si samaki wote. Basi asiache kitoweo! Mpikie dagaa, vibua, changu wadogo. Taa ana zebaki kidogo kuliko papa mkubwa, lakini ningekuwa mimi ningemwacha naye mpaka mtoto aache ziwa.

Wewe mwenyewe kipande cha mara moja moja si neno. Ila mteja akija na tumbo lake, mama, mpimie dagaa.